Juu ya nini Okapi inashinda redio zingine zote hapa Bukavu?

Mwana_Nyawera — 12 Agosti 2024, 06:48

Muliamukaje wandugu. Toka Nyawera mpaka Feu Rouge, pita butiki kwa butiki, saluni, fundi viatu, mama wa makala: sauti ni ileile, Redio Okapi, 95.3. Mji huu una redio nyingi kupita mabomba yanayotoka maji. Kuko za makanisa, za waheshimiwa, za mashirika, kuko RTNC ya Leta (serikali). Zina vijana wenye sauti nzuri na muziki mpya. Lakini saa ya habari ikifika, watu wanarudi Okapi.

Monusco yenyewe, jeshi la amani la Umoja wa Mataifa (ONU), imefunga mlango Kivu ya Kusini mwezi wa sita, na wengi walishangilia. Redio yake, hii Okapi, sijasikia mtu hata mmoja anayeomba nayo iondoke.

Mimi nasema siri ni pesa tu. Mupatie Radio Maendeleo ao Radio Maria bajeti ya ONU mwaka moja, halafu tutaongea. Nani anapinga?

Bagira_C — 12 Agosti 2024, 07:05

Mimi. RTNC iko na bajeti ya Leta tangu wakati wa Mobutu. Nani anaisikiliza?

Motari_Esansi — 12 Agosti 2024, 07:09

Bajeti ya Leta 😂😂 wewe uliiona wapi, mukubwa?

Fundi_Mnara — 12 Agosti 2024, 08:31

Kazi yangu ni kupanda minara na kutengeneza emeteri (mashine za kurusha matangazo), kwa hiyo nitaongea ya chuma, ya siasa mutaongea nyinyi.

FM inakwenda moja kwa moja, haipindi kilima. Sasa angalia mji wetu: vilima, mabonde, na rasi zinazoingia ziwani. Redio ikiweka emeteri ndogo juu ya paa la ofisi yake Ibanda, watu wa Muhumba wanaisikia vizuri, Kadutu inakwaruza, na ukishuka Panzi imekufa. Mwenyewe haoni shida kwa sababu nyumbani kwake inasikika. Ukimwambia apandishe antena kilimani anakuuliza nani atalipa mlinzi, na waya wa umeme utapita wapi.

Halafu umeme. SNEL ikikata, redio ndogo inawasha jenereta kama esansi iko. Kama haiko, kimya. Sasa fikiria mtu mwenye kiredio cha Kichina, kile cha kuzungusha gurudumu kwa kidole. Stesheni ikizima saa nane mchana, anazungusha mpaka anapata sauti nyingine, na anaiacha pale. Jioni ile ya kwanza inarudi hewani, yeye hana habari, na hawezi kuzungusha tena kwa sababu anajua kuirudisha sawasawa ni kazi. Nimeona watu wamefunga gurudumu na kipande cha mpira lisisogee.

Okapi haizimi. Watu wanafikiri wamechagua kipindi, kumbe wamechagua stesheni isiyokwaruza.

Mwana_Nyawera — 12 Agosti 2024, 08:40

Aksanti fundi. Mlinzi, waya, jenereta, esansi. Yote hiyo inaitwa nini? Pesa.

Dada_Panzi — 12 Agosti 2024, 10:17

Samahani, mbona tunaeleza ushindi kabla ya kuuliza nani alipima?

Nasoma mawasiliano, na hii ndiyo kazi yangu ya mwisho wa masomo. Hapa Bukavu hakuna kipimo cha kila mwezi cha wasikilizaji. Kuna kampuni kama Immar ya Ufaransa zinazofanya uchunguzi katika miji ya Kongo, lakini uchunguzi unafanyika mteja akilipa, na mwenye uwezo wa kulipa mara nyingi ni chombo kikubwa cha kimataifa. Radio Maendeleo italipa na nini?

Na kuna jinsi ya kuuliza. Ukimuuliza mtu «unasikiliza redio gani?» anakutazama kalamu na karatasi, anasema Okapi. Anataka umuone mtu wa maana. Ukimuuliza «jana usiku saa mbili redio yako ilikuwa wapi?» jibu linabadilika. Niliingia nyumba moja, mama akaniambia bila kusita kwamba wao ni Okapi tu, toka asubuhi mpaka kulala. Nyuma yake redio ilikuwa inasali rozari.

MamaSokoKadutu — 12 Agosti 2024, 10:52

Mwanangu Dada Panzi, kumbe ulipita kwangu 😂

Nieleze sasa jinsi tunavyosikiliza, maana wanaume hapa wanaongea redio kama vile ni ya kwao peke yao. Asubuhi ni Radio Maria, nikiwa nafunga mizigo. Nikifika sokoni tunaweka redio ya mji juu ya komunike: nani amefariki, matanga iko wapi, mazishi saa ngapi, nani amepoteza mtoto, nani ameokota kitambulisho cha uchaguzi. Shangazi yangu alipokufa Walungu, nilisikia sokoni, redioni, kabla simu haijanifikia. Okapi haiwezi kunipa hiyo. Okapi inaniambia waziri ameenda New York.

Jioni ndiyo Okapi, mzee wa nyumba akirudi. Ni yeye anakamata redio.

Na Mama Radio, ile ya AFEM, chama cha wamama wanahabari, musiisahau. Kuko mambo ya nyumba na ya hospitali ambayo nilisikia kule kwanza, na Kiswahili chake ni hiki chetu.

Motari_Esansi — 12 Agosti 2024, 11:03

Mama amesema. Mzee akikamata redio ndiyo takwimu imepatikana.

Lushois_243 — 12 Agosti 2024, 13:26

Mimi niko Lubumbashi, muniruhusu nichafue maji kidogo. Huku kwenye mitaa yetu ya Kenya na Katuba sioni huo ufalme munaousema. Watu wako kwa redio za hapahapa, zinazoongea kama sisi tunavyoongea. Redio Nyota ni ya mwanasiasa Katumbi, kila mtu anajua. Ilifungwa miaka wakati mwenyewe amekosana na Kinshasa, na ilipofunguliwa 2019 watu walirudi kwake. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba redio ya mwanasiasa haipendwi, musiilete.

Okapi ilianza 2003, baada ya vita, na serikali ya 1+4 (rais moja na makamu wanne). Ni mtoto wa ONU, ilikuja kufundisha watu kupiga kura. Huku hatukuwa na vita kama nyinyi, ndiyo maana haikutushika.

Mzee_wa_Muhumba — 12 Agosti 2024, 19:44

Lushois, mwanangu, tarehe ni 25 Februari 2002, siku ileile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini. Nchi ilikuwa bado imekatwa vipande. Hapa Bukavu tulikuwa chini ya waasi wa RCD, Kinshasa ilikuwa kwa Kabila mtoto, Gbadolite kwa Bemba. Mtu wa hapa alikuwa hajui ndugu yake wa Kinshasa anaishije. Halafu ikatokea redio moja inayosoma habari za pande zote kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Hicho ndicho kitu ambacho kijana aliyezaliwa 2000 hawezi kukielewa. Sisi tulikaa kimya chumbani kusikiliza.

Na haikuwa ya ONU peke yake. Waliijenga pamoja na Fondation Hirondelle ya Lausanne, Uswisi, ambao walikaa nayo mpaka 2014. Hao Waswisi walianzia wapi? Hapahapa. 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Kivu, kulikuwa na Radio Agatashya ikirusha kutoka Bukavu. Watu waliotoka katika kazi ile ndio walianzisha Hirondelle mwaka uliofuata. Vita ya 1996 ikaifunga Agatashya. Kwa hiyo Okapi ilipokuja, walikuwa tayari wanaujua mji huu na makosa yake.

Sasa Mwana Nyawera, sikia juu ya pesa. Radio Maendeleo ilizaliwa 1993, miaka tisa mbele ya Okapi. Ilipendwa. Ingekuwa leo ndiyo namba moja, kama ingeachwa ikue. RCD waliifunga 1999, wakachukua vyombo. Ikafunguliwa, wakaifunga tena Desemba 2002, na mkuu wake Kizito Mushizi akakamatwa. Mwezi huohuo Okapi inaendelea kurusha, hakuna anayeigusa. Mei na Juni 2004, makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi waliposhika mji, Maendeleo, Maria na Kahuzi zote zilinyamaza. Mji mzima ulibaki na nani?

Hiyo si bajeti. Ni ukuta na bendera ya buluu. Mshindani wako akifungwa kila mara unapokuwa wewe wazi, wasikilizaji wanahamia kwako hata kama husemi kitu kipya.

Lushois_243 — 12 Agosti 2024, 20:02

Sawa muzee, 2002. Lakini hiyo inaeleza 2004. 2024 je?

Bagira_C — 12 Agosti 2024, 20:35

Muzee ukuta huo haukumlinda kila mtu. Serge Maheshe alikuwa Okapi, alipigwa risasi hapa Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Didace Namujimbo, Okapi pia, 21 Novemba 2008. Wote wawili watoto wa huku. Kesi zilienda mahakama ya kijeshi, na mpaka leo nenda uulize kama watu waliridhika.

Munasema pesa, munasema mnara. Mimi nilikuwa kwenye mazishi. Tangu siku zile, kwa watu wa rika langu Okapi haikuwa tena redio ya wageni.

Mzee_wa_Muhumba — 12 Agosti 2024, 21:10

Ni kweli, na uongeze Bruno Koko Chirambiza wa Radio Star, Agosti 2009. Yeye hakuwa Okapi. Huyu wa redio ndogo alisahauliwa haraka zaidi, na hilo nalo linahusu swali la uzi huu: redio kubwa hata wafu wake wanakumbukwa kwa sauti kubwa.

Kigoma_Reli — 13 Agosti 2024, 06:20

Habari za asubuhi majirani. Mimi msomaji wa kimya kutoka Kigoma. Huku kwetu redio binafsi zinapigana kwa wachekeshaji, mpira na wasanii, na anayeshinda ni anayechekesha kuliko mwenzake asubuhi. Nyinyi mnashindana kwa taarifa ya habari, nawaonea huruma na wivu kwa pamoja. Hivi hao Okapi hawana hata kipindi cha umbea?

Motari_Esansi — 13 Agosti 2024, 06:31

Kaka wa Kigoma, umbea wetu ni barabara ya taifa namba 2 na gavana. Inatosha.

Halafu niseme ukweli wangu. Siku timu ya Dawa inacheza na Muungano pale uwanja wa Concorde, Okapi haiko sikioni mwangu. Ninaweka redio ya mji, mtangazaji anapiga kelele mpaka anakosa pumzi, na mteja nyuma ya pikipiki ananiambia niongeze sauti. Siku hiyo mupime.

Bagira_C — 13 Agosti 2024, 06:44

Wewe ni Dawa, inaonekana kwa maandishi.

Motari_Esansi — 13 Agosti 2024, 06:46

Na wewe ni Muungano, inaonekana kwa uchungu.

Bagira_C — 13 Agosti 2024, 06:53

Uchungu gani, mulitufunga lini? Taja tarehe.

Msimamizi — 13 Agosti 2024, 07:15

Mpira una uzi wake. Turudi kwa redio, tafadhali.

Zamani_Animateri — 13 Agosti 2024, 21:38

Nimesoma yote toka juu. Nilifanya kazi kwa redio moja ya mji huu, jina nitaliacha. Muniruhusu niseme kinachofanyika ndani, maana hapa munaongea kama wasikilizaji.

Asubuhi unafika kwa miguu. Mshahara hakuna, kuko ahadi. Unaomba direkta pesa ya motari uende kwenye mkutano wa shirika fulani. Anakujibu: nenda tu, watakupa kulekule. Na kweli wanakupa, ile bahasha tunaiita kupaje. Ukirudi redioni habari yako imekwisha kuandikwa, na mwandishi ni mwenye bahasha. Siku hakuna mkutano wenye bahasha, hakuna habari. Unafanya nini? Unafungua simu, unaingia kwenye tovuti ya Okapi, unasoma hewani kama yako. Nimefanya, wenzangu wamefanya, na baadhi yao wanafanya hata leo usiku huu.

Sasa msikilizaji si mjinga. Kama Okapi anaipata kwa mdomo wangu saa saba, kwa nini asiipate kwa mdomo wake yenyewe saa sita?

Kitu cha pili. Mwenye redio alikuwa anatafuta kiti. Kabla ya kampeni hakuna aliyetusumbua. Kampeni ilipoanza, orodha ya majina yasiyotajwa ilibandikwa mlangoni mwa studio. Kijana mmoja alirudi na ripotaji nzuri kabisa juu ya wachuuzi waliobomolewa vibanda, sauti zao ziko wazi, wamama wanalia. Ikalala. Kesho yake wale wamama walikuwa kwenye redio nyingine, na sisi tukasoma komunike ya mheshimiwa kutoa pole.

Cha tatu ndicho kinaniuma zaidi, na hakuna aliyekigusa. Aliyekuwa bora kati yetu aliona Okapi inatafuta watu, akaomba, akapata. Wa pili yake alichukuliwa na shirika la kimataifa kuandika ripoti. Wa tatu amekuwa msemaji wa mtu. Sisi tuliobaki tukaitwa wakongwe, kwa sababu tu hakuna aliyetuchukua. Redio ndogo za Bukavu zinafundisha watu bure, halafu Okapi inavuna. Ukiwasikiliza wale watangazaji wao wa hapa, wengi walijifunza kushika maikro kwenye redio hizohizo munazosema zimeshindwa.

Kwa hiyo Mwana Nyawera yuko na nusu ya haki. Pesa, ndiyo. Lakini pesa inayolipa watu mwisho wa mwezi, si pesa ya mnara.

Fundi_Mnara — 13 Agosti 2024, 21:55

Bila mnara mshahara hausikiki.

Zamani_Animateri — 13 Agosti 2024, 21:58

Na bila mshahara mnara unarusha rumba toka asubuhi mpaka usiku.

MamaSokoKadutu — 13 Agosti 2024, 22:04

Rumba haina ubaya.

Dada_Panzi — 14 Agosti 2024, 09:12

Kaka Zamani Animateri, naomba ruhusa nitumie maneno yako bila kukutaja.

Naongeza jambo moja kwa wale wa «leo watu wako WhatsApp». Mukumbuke 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi. Intaneti ilikatwa nchi nzima, SMS zikakatwa, na ikakaa karibu wiki tatu. RFI, redio ya Ufaransa, nayo ikazimwa. Baba yangu, ambaye alikuwa amekwisha kumpa mtoto redio achezee, aliitafuta chini ya kitanda na akanunua mawe (betri) mapya. Intaneti iliporudi, redio ilibaki mezani. Nafikiri tabia ya kusikiliza inajengwa siku chache kama hizo, halafu inaishi yenyewe bila sababu. Ndiyo jibu langu kwa Lushois aliyeuliza 2024 je.

Lushois_243 — 14 Agosti 2024, 09:40

Huku pia intaneti ilikatwa, dada. Kwa nini basi tabia hiyo haikujengwa huku?

Dada_Panzi — 14 Agosti 2024, 09:47

Ulipima?

Lushois_243 — 14 Agosti 2024, 09:49

😶

Goma_Volkano — 14 Agosti 2024, 18:23

Salamu toka Goma. Kwetu kipimo kilikuwa 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ulipopasuka. Anga ikawa nyekundu, watu wakaanza kukimbia, wengine Gisenyi, wengine njia ya Sake. Simu zilijaa sauti za watu wasiojulikana: lava imefika uwanja wa ndege, hapana imefika ziwani, hapana gesi inakuja wote tutakufa. Kila sauti ilikuwa na uhakika.

Nilikuwa na redio mbili kichwani usiku ule. Moja ya mji, kijana alikuwa anapokea simu za watu hewani, mmoja baada ya mwingine, bila kuchuja. Ilisaidia, kwa sababu mtu wa Buhene alisema anachokiona Buhene. Lakini ilitisha pia, kwa sababu anayefuata alisema alichoota. Okapi ilikuwa polepole na haikusema isichokijua. Saa zile nilichukia upole wake. Siku gavana alipotangaza watu wa mitaa 10 kati ya 18 waondoke, tarehe 27, nilijikuta nasubiri kusikia Okapi imethibitisha kabla sijabeba godoro. Kwa hiyo sijui nisemeje. Niliikasirikia na niliitii.

Na musisahau Julai 2022. Watu waliingia kambi za Monusco hapa Goma, walibeba mpaka milango. Jioni, jirani yangu aliyerudi na kiti cha ofisi alikuwa anasikiliza Okapi ajue kama ametajwa.

Bagira_C — 14 Agosti 2024, 18:40

Na kiti alikalia? 😂

Goma_Volkano — 14 Agosti 2024, 18:52

Bado iko. Kinazunguka.

Mtu_wa_Kamituga — 15 Agosti 2024, 07:30

Jana OMS, shirika la afya la dunia, imetangaza mpox ni hatari ya dunia nzima, na jina la Kamituga likasomwa na kila redio. Sisi tuko na ugonjwa huu tangu mwaka jana. Hapa wachimbaji wanasikiliza FM kwa simu ndogo, waya wa masikio ndiyo antena, wanashuka nayo mpaka mdomo wa shimo.

Redio ya hapa ndiyo iliyotuambia tangu mapema: ukiona vipele nenda hospitali kuu, usijitibu, usilale kitanda kimoja na mwenye vipele. Ilisema kwa Kirega na kwa Kiswahili chetu, na daktari alikuja mwenyewe studio. Lakini redio ile iliposema, watu wengine walicheka, walisema ni habari ya kutafuta pesa ya miradi. Okapi iliposema neno lilelile, waliamini. Maneno ni yaleyale, mimi nilisikiliza zote mbili. Nani atanieleza hiyo? Si mnara, kwa sababu ya hapa inasikika vizuri zaidi. Si lugha. Si mpira.

Zamani_Animateri — 15 Agosti 2024, 08:02

Kwa sababu mtangazaji wa kwenu wanamujua. Wanajua anakaa wapi, ana deni kwa nani, na bahasha ya mwisho alipewa na nani. Wa Okapi hawamuoni.

Mtu_wa_Kamituga — 15 Agosti 2024, 08:10

Basi kumujua mtu ndiyo kunaharibu?

MamaSokoKadutu — 15 Agosti 2024, 08:37

Hapana baba. Komunike ya msiba naiamini kwa sababu namujua anayeisoma. Angenidanganya ningeenda kwa mama yake.

Mzee_wa_Muhumba — 15 Agosti 2024, 12:19

Muna haki wote wawili, na hapo ndipo nashindwa. Karibu unaaminiwa kwa msiba, mbali unaaminiwa kwa serikali na magonjwa.

Nina swali kwa vijana. Monusco imeondoka kwetu, na siku moja itaondoka nchi yote. Mshahara, esansi, mlinzi wa mnara, nani atalipa? Leta? Basi itakuwa RTNC ya pili. Matangazo ya bia na simu? Basi itaogopa wenye bia na simu. Sisi wasikilizaji? Mwana Nyawera, utatoa kiasi gani kwa mwezi?

Mwana_Nyawera — 15 Agosti 2024, 12:33

Muzee, mimi wateja wangu wananidai mpaka yunite (salio la simu) za franka mia tano. Lakini unaona umerudi kwangu: pesa.

Mwana_wa_Idjwi — 15 Agosti 2024, 17:05

Mimi niko kisiwani, kusini. Nimefuata uzi huu na hamu yote, lakini tatizo langu ni lingine. 95.3 inakuja na kupotea, na stesheni ya upande wa Kamembe, Rwanda, inaingia juu yake. Fundi, nifanye nini?

Fundi_Mnara — 15 Agosti 2024, 17:28

Redio yako ina antena ya kuvuta? Kama imevunjika, chukua waya wa shaba wa sentimita 75 hadi 80, ufunge kwenye kipande kilichobaki, usimamishe wima, karibu na dirisha linaloangalia Bukavu. Usiuzungushe kama kamba, unyooshe. Halafu hamisha redio hatua moja moja chumbani, sentimita chache zinaweza kubadilisha kila kitu. Iweke mbali na chaja ya sola, ile inaleta mlio.

Mwana_wa_Idjwi — 15 Agosti 2024, 19:50

Aksanti fundi, imekubali! Okapi imeingia safi kabisa, na ile ya Kamembe imepotea. Sasa mke wangu amenuna. Kumbe yeye alikuwa anasikiliza ile ya Kamembe.

Dada_Panzi — 15 Agosti 2024, 20:14

Nyumba moja, redio moja, wasikilizaji wawili. Kwenye karatasi yangu niandike nani?